Amana Chini ya Mbawa

Tetea ambaye kila asubuhi alikuwa akitoka kiotani na kulitangaza yai lake kwa makelele hata boma zima likajua kwamba ametaga, hufika siku akanyamaza. Siku hiyo hatoki. Ameyakalia mayai yake tangu alfajiri hata magharibi, mbawa amezitandaza mfano wa kawa lililofunikiwa chakula, na mkono wa mtu ukimkaribia huyasimamisha manyoya yake, akatoa mlio mzito wa kooni, akadonoa pasipo hofu, yeye ambaye juzi tu alikuwa akikimbia hata kivuli cha mtoto. Asiyejua hudhani kwamba ameugua. Bali mwenye boma, aliyelelewa katikati ya kuku, hufurahi moyoni na kwenda kutazama ana mayai mangapi ya kumwekea, kwa maana anajua kwamba kuku wake ameshika kazi ambayo hataiacha, Mungu akijalia, mpaka siku 21 zitimie.

Ludara ni gombolola ya Wilaya ya Koboko, katika pembe ya kaskazini-magharibi ya Uganda, pale ambapo mipaka ya Kongo na Sudan Kusini inakutana na mpaka wa nchi hiyo. Wilaya yenyewe ilitengwa na Arua mwaka 2005; lakini kwa nasaba, kwa biashara na kwa lugha, watu wa Koboko na watu wa Arua hawajapata kutengana, na katika masoko yao Kikakwa, Kilugbara, Kinubi na Kiswahili hupokezana katika mapatano ya bei ya jogoo mmoja. Ni nchi ya muhogo na mtama, ya ulezi na ufuta, na kwa miaka mingi imekuwa pia nchi ya tumbaku. Ni nadra kuona boma lisilo na kuku, na kuku hao ndio akiba ya nyumba iliyo karibu kuliko zote: akiugua mtoto usiku, kuku wawili huuzwa asubuhi, akija mgeni wa heshima, jogoo huchinjwa, ukifika muhula wa shule, tenga huenda sokoni likarudi na madaftari. Wazee waliokimbilia Zaire na Sudan baada ya vita vya mwaka 1979, kisha wakarejea katika miaka ya 1980 na kukuta nyumba zimeanguka na mazizi ni matupu, wanajua maana ya kuanza upya. Na jirani zao wa leo, wakimbizi wa Kongo waliopewa makao Lobule, wanajua vilevile. Mtu wa hali hiyo hana fedha ya ng'ombe. Walakini akipata tetea mmoja mwenye tabia ya kuatamia, na mayai ya kumwekea, amekwisha kupata mwanzo.

Ndiyo sababu nimeona jambo hili lastahili kuandikiwa kwa utulivu, wala lisiachwe kuwa ni mambo ya jikoni tu. Wengi walalamikao kwamba kuku wa kienyeji hawana faida husema kuwa kuku hao hawaangui vema. Mimi, niliyeitazama kazi hii kwa miaka mingi, nasadiki kinyume chake. Kuku huijua kazi yake, na aghalabu huitimiza. Yai ni amana tumwekeayo chini ya mbawa zake, naye huirejesha ikiwa hai. Upungufu uko katika siku zile chache za kabla ya kumkabidhi amana hiyo, na katika wiki nane za baada ya kuturejeshea, ambazo dhamana yake ni juu yetu sisi.

Na tuitazame kwanza kazi yake yeye. Wakati wa kuatamia unapomjia, mwili wake hugeuka: homoni iitwayo prolaktini huongezeka katika damu, kutaga hukoma, na manyoya ya kifuani hupungua hata ngozi tupu, yenye mishipa iliyojaa damu, ikayagusa mayai pasipo kizuizi. Joto ayapalo ni karibu nyuzi 38. Mara nyingi kwa siku, mchana na usiku, huyageuza kwa mdomo, akiyavuta ya kandoni yaje katikati na kuyasukuma ya katikati yaende kandoni, ili kila yai lipate fungu lake la joto, na kiumbe kilichomo ndani kisigande upande mmoja wa ganda. Mara moja kwa siku hutoka, kwa dakika kumi au ishirini hivi, akala, akanywa, akaoga mchanga, akatoa kinyesi kizito alichokizuia kwa saa nyingi ili asikichafue kiota, kisha akarudi mbio. Kwa muda wa wiki tatu hula kidogo sana, hata akimnyanyua mtu humwona amekuwa mwepesi. Wahenga walisema kwamba kuku havunji yakeye. Na mtu aliyemwona akirudi kiotani, akiingiza miguu katikati ya mayai kumi na mawili kidole baada ya kidole, kisha akajishusha taratibu na kutikisa mwili mpaka yote yakafunikwa, hataona kwamba methali hiyo imetiwa chumvi.

Wanadamu wamejaribu tangu kale kuiga kazi hiyo. Huko Misri, kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, watu walikuwa wakiangua mayai bila ya kuku, na Aristotle aliandika habari ya mayai yaliyofukiwa katika joto la samadi. Baadaye wakajenga matanuri ambamo maelfu ya mayai yalitunzwa kwa moto wa polepole, na mtunzaji, asiyekuwa na chombo cha kupimia joto, alikuwa akiliweka yai juu ya kope la jicho lake ili ajue kama moto umezidi au umepungua. Mfaransa Réaumur aliyachunguza maarifa hayo, akayatungia kitabu mwaka 1749, na mashine za umeme zilizopo leo zimefuata njia hiyohiyo. Mashine ni kitu chema mahali penye umeme usiokatika. Lakini katika boma la kijijini, ambapo umeme haujafika au hufika na kuondoka, usiku mmoja wa baridi hutosha kuyapoteza mayai yote. Tena kuku wa kizungu wa mayai, kama vile Leghorn, walichaguliwa kizazi baada ya kizazi wasiwe na tabia ya kuatamia, kwa kuwa kuku anayeatamia hatagi; na hata Kuroiler, aliyetoka India na kufika Uganda yapata mwaka 2010, ambaye hukua upesi na kutaga kwa wingi, si wa kutegemewa katika kazi hii. Hivyo yule tetea mdogo wa kienyeji, anayedharauliwa kwa udogo wa mayai yake, ana hazina ambayo wakubwa wenziwe wamekwisha kunyang'anywa.

Sasa nije katika wajibu wetu. Mama mmoja wa Ludara, aliyenikaribisha bomani kwake mwanzoni mwa mvua, alinionyesha kibuyu kipana kilichokatwa mdomo, kimejazwa ulezi hadi nusu, kimewekwa katika pembe yenye baridi ya nyumba, mbali na mafiga. Ndani yake yalisimama mayai tisa, ncha nyembamba chini na sehemu nene juu, kila moja limepigwa mistari ya mkaa: yai la siku ya kwanza mstari mmoja, la siku ya pili miwili, na kuendelea. Nilipomwuliza maana yake alisema, "Mwanangu, yai halina kinywa cha kusema umri wake. Mimi ndiye ninayelisemea." Maneno hayo yana ilimu kubwa. Yai la kuwekewa kuku lisizidi siku saba tangu kutagwa, au kumi likiwa limetunzwa mahali pa baridi, kwa kuwa kila siku inayopita hupunguza uhai uliomo. Na joto la jiko huuanzisha uhai huo kabla ya wakati wake, kisha ukafa. Lisiwe na ufa, lisiwe dogo mno wala kubwa kupita kiasi. Wala lisioshwe kwa maji, maana ganda lina vinyweleo vidogo visivyoonekana kwa jicho, na ule utando ulioliziba wakati wa kutagwa ukiondoka, uchafu huingia ndani.

Zaidi ya hayo, yai lisilo na jogoo halina kifaranga. Jogoo mmoja hutosheleza matetea kumi hivi. Na kwa vile mbegu yake hukaa hai ndani ya tetea kwa muda wa siku kumi au zaidi, mwenye kuleta jogoo mpya asubiri wiki mbili au tatu kabla ya kuanza kukusanya mayai anayoyataka yawe ya jogoo huyo. Na jogoo asiwe mwana wa matetea haohao wala ndugu yao, kwa sababu damu ikirudiana sana vifaranga huwa dhaifu na mengi ya mayai hayaanguliwi. Wanaojua hubadilishana majogoo na jirani kila baada ya mwaka au miwili, na hili ni jambo lisilogharimu kitu ila ujirani mwema.

Kiota nacho kina adabu yake. Mahali pawe pa kimya na pa giza kidogo, pasipofikiwa na mbwa, na pasipoingiliwa na kuku wengine, ambao hupenda kutaga juu ya mayai ya mwenzao na kumchanganyia hesabu. Hapo ndipo ule mstari wa mkaa unapofaa mara ya pili, kwa sababu yai lisilo na alama hutambulikana mara moja likaondolewa. Mama yule alitumia nusu ya chungu kilichovunjika, akatandika udongo mbichi kidogo chini, juu yake nyasi kavu zilizosuguliwa mpaka zikalainika, na kati ya udongo na nyasi akaweka majivu pamoja na majani makavu ya tumbaku. Tumbaku hiyo si ushirikina. Adui mkubwa wa kuku anayeatamia ni utitiri na chawa, ambao humnyonya damu usiku na mchana mpaka akashindwa kuvumilia, akayaacha mayai yakapoa siku ya 15 au ya 16. Na wadudu hao huikimbia tumbaku. Kisha alimngoja mpaka giza liingie ndipo akampeleka kwenye kiota kipya, kwa maana kuku aliyehamishwa usiku huamka asubuhi akaona ni pake, na aliyehamishwa mchana hurudi alikotoka. Alimwekea mayai kumi na mawili. Kuku mdogo humtosha kumi, na mkubwa kumi na matatu, lakini yakizidi hayo, daima kutakuwa na yai moja au mawili nje ya joto, na kwa kuwa huyageuza na kuyahamisha, leo litapoa hili na kesho lile, hata hasara ikaenea kwa yote.

Usiku wa siku ya saba mama alizima taa, akatwaa simu yenye kurunzi, akakunja kiganja chake kuizunguka nuru mpaka pakabaki tundu dogo, na juu ya tundu hilo akaweka yai moja baada ya jingine. Yai lenye uhai liling'aa wekundu, na ndani yake palionekana doa jeusi lenye mishipa myembamba iliyotawanyika mfano wa miguu ya buibui. Nilipokazia macho niliona doa lile likitikisika. Yai lisilokuwa na kitu lilikuwa jeupe la kupenya, kama siku lilipotagwa. Katika yale kumi na mawili, moja lilikuwa hivyo, na jingine lilikuwa na duara la damu tupu lisilo na mishipa, dalili ya uhai ulioanza ukakatika. Aliyatoa yote mawili. Yai viza likiachwa mpaka mwisho huweza kupasuka chini ya kuku na kuyachafua mazima kwa uozo wake, nayo yakafa siku chache kabla ya kufika.

Mwenye matetea kadhaa aweza pia kuwapatanisha. Wawili au watatu wakitaka kuatamia kwa siku zinazokaribiana, yule wa kwanza hushughulishwa kwa yai bovu moja au mawili mpaka wenzake wawe tayari, kisha wote huwekewa mayai mazima usiku mmoja. Baada ya kupimwa kwa nuru, mayai ya watatu yaweza kukusanywa chini ya wawili. Na vifaranga wakianguliwa kwa pamoja, hulelewa pamoja, na taabu ya kuwalinda huwa moja badala ya tatu. Hata mayai ya kanga, ambaye ni mama asiye makini na vifaranga wake, hupewa tetea wa kuku, ila sharti mtu akumbuke kwamba hayo hutaka siku zipatazo 27, na asimkasirikie kuku kwa kuchelewa.

Siku ya 20, ukiliinua yai na kuliweka sikioni, utasikia mlio mwembamba ndani yake, na kuku huujibu kwa sauti ya chini ambayo hakuitumia wakati mwingine wowote. Kifaranga amekwisha kulitoboa fuko la hewa lililo upande mnene wa yai, anavuta pumzi, na kwa kijino kigumu kilicho juu ya mdomo wake analigonga ganda kutoka ndani, akipumzika kwa saa nyingi kati ya pigo na pigo. Hapa subira ya mtu hujaribiwa. Mikono inayokimbilia kumsaidia humwua, kwa kuwa mishipa bado ina damu na kiini hakijamalizika kuingia tumboni mwake. Kiini hicho ndicho masurufu yake ya safari: kwa nguvu zake huweza kukaa siku mbili bila ya kula wala kunywa, na ndiyo maana kuku hatoki na wale wa kwanza, bali huwangoja waliochelewa. Katika miezi ya ukame, tangu Desemba hata Machi, ambapo upepo wa huko ni mkavu sana, ni vema kunyunyiza maji kidogo kandoni mwa kiota katika siku hizo za mwisho, ili utando wa ndani ya yai usikauke ukamnasa kifaranga mlangoni.

Mpaka hapo kuku ametimiza ahadi. Kinachofuata ndicho kinachotuhukumu. Kwa desturi, vifaranga huachwa watoke na mama yao siku ya pili, waende kuchakura, maana mwana wa kuku hafunzwi kuchakura. Na ni kweli hafunzwi, lakini hafunzwi pia kumjua mwewe, wala nguchiro, wala mvua ya ghafula ya saa nane mchana. Katika maboma mengi, nusu ya vifaranga walioanguliwa, na mara nyingine zaidi, hawafiki wiki ya nane. Watu husema ni riziki. Nami nasema riziki ina milango, na mmoja wa milango hiyo ni tenga. Wiki tatu au nne za kwanza vifaranga wakae ndani ya tenga pana lililopinduliwa, au uzio mdogo uliofunikwa juu, mchana juani na kivulini kwa zamu, usiku ndani ya nyumba pamoja na mama yao. Wawekewe maji safi katika kifuniko kisicho na kina, wasije wakazama, na chakula kidogo kidogo mara nyingi: ulezi, chenga za mahindi, mashudu ya ufuta, dagaa waliopondwa. Na wapewe mchwa. Katika nchi hiyo mtu hufukia chungu chenye mabua na kinyesi cha ng'ombe kilicholowa karibu na kichuguu jioni, na asubuhi hukikuta kimejaa. Hakuna chakula kinachonunuliwa ambacho kifaranga hukifurahia zaidi, na hakuna kinachomjenga upesi kuliko hicho.

Mlango wa pili ni chanjo. Maradhi yaitwayo kideri, ambayo kwingine huitwa mdondo, yalielezwa na wataalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1926, huko Java na katika mji wa Newcastle wa Uingereza. Hayana dawa, na yakiingia bomani huweza kuwamaliza kuku wote kwa siku chache, shingo zimepinda na kinyesi ni cha kijani. Mwaka mmoja mimi mwenyewe, kwa kutamani jogoo mkubwa niliyemwona sokoni wiki ya Krismasi, nilimleta nyumbani nikamfungulia siku hiyohiyo kati ya matetea wangu, ambao wawili walikuwa na vifaranga wa wiki mbili. Kabla ya mwaka mpya kutimiza siku kumi, nilikuwa nimewazika wote. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, husema watu, nami nilikuwa nikiidhania methali hiyo kuwa ni ya wanadamu tu. Mgeni afungwe mahali pake peke yake kwa wiki mbili. Na chanjo ipo: ile iitwayo I-2, iliyotayarishwa Australia kwa ajili ya kuku wa vijijini, huvumilia joto kuliko chanjo za kawaida, na hutiwa tone moja jichoni, kwa mkubwa na kwa mdogo, kila baada ya miezi mitatu au minne. Chupa moja hutosha kuku wengi kuliko wa boma moja, na ikishachanganywa haikai muda mrefu. Kwa hiyo jirani wakipatana siku moja, gharama huwa ndogo, na ugonjwa hukosa pa kujificha.

Wahenga waliagiza kwamba kuku mwenye wana halengwi jiwe. Naona agizo hilo halikukusudia jiwe la mkononi peke yake. Kumwacha tetea aliyekonda kwa wiki tatu za kufunga, atembeze vifaranga kumi mbele ya mwewe na mvua pasipo punje moja kutoka kwetu, nako ni kumrushia jiwe.

Siku ya kuondoka kwangu Ludara, mama alinipeleka ukutani, nyuma ya jiko lake. Ukuta huo wa udongo ulikuwa umejaa mistari ya mkaa iliyopangwa safu tatutatu, tangu chini hata usawa wa bega. Safu ya kwanza, alinieleza, ni mayai aliyoyaweka. Ya pili ni vifaranga walioanguliwa. Ya tatu ni waliofikia umri wa kuachwa na mama yao. Nikazifuata kwa kidole. Huko chini, kwenye miaka ya nyuma, safu mbili za kwanza zilikuwa karibu sawa, kumi na mbili kwa kumi, kumi na moja kwa tisa, na ya tatu ilikuwa na mistari mitatu, au miwili, na mara moja haikuwa na mstari hata mmoja. Kuanzia usawa wa kiuno, mwaka alipoanza kutumia tenga na chanjo, ile ya tatu ilirefuka: saba, nane, tena nane. Zile mbili za kwanza hazikubadilika hata kidogo kwa miaka yote.

Aliweka kiganja chake juu ya safu mbili za kwanza. "Hizi ni za kuku," akasema. Kisha akakihamishia kwenye ya tatu. "Hii ni yangu."